Risasi ya kumwindia kulungu Marekani: nguvu kiasi gani inatosha?

Kulungu mwenye mkia mweupe, anayewindwa kuliko wengine wote Marekani, si mnyama mgumu. Mbavu zake ni nyembamba, ngozi yake si nene, na akipigwa risasi ya kiasi ikapita kwenye mapafu yote mawili hafiki mbali. Wanaoanza kuwinda huponzwa na wingi wa nguvu kuliko uhaba wake. Mtu ananunua bunduki yenye teke kali, yaani inayosukuma bega kwa nguvu inapofyatuliwa, anaanza kuiogopa, anafumba macho kabla ya kuvuta triga, na risasi inaishia tumboni. Mnyama anakimbilia msituni na anafia huko bila kupatikana. Kwa hiyo mwongozo huu unatafuta risasi ndogo kuliko zote inayofanya kazi kihalali na kwa uhakika, katika umbali ambao wewe mwenyewe unaweza kulenga.

Tuelewane kwanza kuhusu sehemu za risasi. Risasi nzima ina ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa kinachotoka mtutuni. Uzito wa kichwa hupimwa kwa greni, na greni 150 ni kama gramu 9.7. Namba iliyoandikwa kwenye boksi haikuambii nguvu. Risasi za .30-30, .308 na .30-06 zote zina kichwa chenye kipenyo cha inchi 0.308, ila maganda yanatofautiana na baruti pia. Ile "06" ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea. Hata .270 kipenyo chake halisi ni inchi 0.277. Usichague kwa namba kubwa.

Hatua ya 1: Soma sheria ya jimbo kabla ya kuingia dukani

Aliyetoka Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, au Tanzania, ambako vibali hutolewa na mamlaka ya taifa, hushangaa kukuta hapa kila jimbo lina kitabu chake cha kanuni. Kitabu hicho hutolewa kila mwaka na idara ya wanyamapori ya jimbo, bure, na kipo mtandaoni. Tafuta ukurasa unaohusu silaha zinazoruhusiwa kwa kulungu.

Tazama jinsi majimbo yanavyopishana. Texas inakataza kulungu kupigwa kwa risasi zenye fataki kwenye ukingo wa ganda, kama ile .22 ndogo ya kulengea makopo, lakini haina masharti mengi zaidi kuhusu kaliba, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi. Virginia inataka kaliba isiyopungua .23. Colorado inabana zaidi: kaliba isipungue .24, kichwa kiwe cha kupanuka na kisipungue greni 70, na nishati inapofika yadi 100 (kama mita 91) isipungue futi-pauni 1,000, futi-pauni ikiwa kipimo cha nishati cha Marekani. Ohio ina sharti la aina nyingine kabisa. Huko raifoli ya kulungu lazima itumie ganda lililonyooka, lisilo na shingo (yaani lisilobanwa kuwa jembamba karibu na kichwa), na kaliba iwe kati ya .357 na .50. Maana yake ni kwamba .308, .30-06, .270 na hata .30-30, zote zenye shingo, hazifai Ohio. Utachukua .350 Legend, .450 Bushmaster au .45-70 ya zamani. Na California, tangu tarehe 1 Julai 2019, hairuhusu risasi za risasi-madini kwa uwindaji wowote, hivyo utanunua vichwa vya shaba tupu.

Kwa walioko Ulaya mambo ni haya. Uingereza na Wales zinataka kaliba isiyopungua .240 na futi-pauni 1,700 mdomoni mwa mtutu kwa kulungu wa kawaida. Ujerumani inataka jouli 1,000 katika mita 100 kwa kulungu mdogo aina ya roe, na kwa wakubwa jouli 2,000 katika umbali huohuo pamoja na kaliba isiyopungua milimita 6.5. Angalia namba hizo zinapimwa wapi, mdomoni au mita 100. Hapo ndipo watu hukosea, maana risasi hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake njiani.

Kuna jambo moja ambalo mgeni asilipuuze. Aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, kama ya masomo au utalii, kwa kawaida sheria ya shirikisho inamkataza kuwa na bunduki au hata boksi la risasi, isipokuwa ana msamaha unaotambuliwa, na leseni halali ya uwindaji ya jimbo ni mmojawapo. Mwenye ukaazi wa kudumu hahusiki na katazo hilo. Kama uko kwenye kundi la kwanza, leseni itangulie, bunduki ifuate, na usimshikie rafiki yako boksi lake kwenye gari ukidhani si kitu.

Hatua ya 2: Mjue mnyama wa eneo lako

Kulungu wa mkia mweupe hana kimo kimoja. Majimbo ya kaskazini, kwenye baridi kali, dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 100. Kusini ni wadogo zaidi, na jike wa kawaida anakaribia mwili wa swala pala. Risasi inayomtosha mmoja inamtosha na mwingine, ila kwa dume mkubwa wa kaskazini chukua kichwa kizito kidogo cha kaliba ileile ili kipenye bega bila kusambaratika. Kama leseni yako ina elki pia, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye ni mkubwa mara mbili au tatu, hesabu inabadilika: anza na .270 au .308 na kuendelea, wala usimfikirie kwa .243.

Shabaha ni mapafu na moyo. Kulungu akisimama ubavu, lenga nyuma tu ya mguu wa mbele, karibu thuluthi moja ya kimo cha kiwiliwili kutoka chini. Eneo hilo lina upana wa kama sentimita 20 hadi 25, na sehemu kubwa ya hatua zinazofuata inategemea kipimo hicho.

Hatua ya 3: Pima umbali wako

Hatua hii ndiyo inayoamua risasi, na ndiyo inayorukwa zaidi. Azima au kodi bunduki yenye teke dogo kwenye uwanja wa shabaha. Chukua sahani za karatasi za kawaida, zile za inchi 9 za kulia pilau kwenye sherehe. Zipange yadi 50, 100, 150 na 200. Usifyatue ukiwa umekaa kwenye benchi na mto wa mchanga. Piga goti, kaa chini, au egemea fimbo ya kulengea, kama utakavyofanya porini. Piga risasi 5 kwa kila sahani. Umbali wa mwisho ambao zote 5 zimeingia kwenye sahani ndio kikomo chako, na nne kati ya tano hazihesabiki.

Wengi wanaoanza hukomea yadi 100, wengine 150. Hakuna aibu hapo. Kulungu wengi wa misituni mashariki mwa Marekani hupigwa chini ya yadi 100 kwa sababu miti yenyewe hairuhusu kuona mbali zaidi. Anayewinda kwenye mashamba na nyika za magharibi ndiye anayehitaji yadi 250 au 300, na huyo afanye mazoezi kwanza ndipo anunue.

Hatua ya 4: Linganisha nishati katika umbali huo

Wawindaji wana kanuni ya mkono kwamba risasi ifike kwa kulungu ikiwa na angalau futi-pauni 1,000, yaani kama jouli 1,350. Si sheria ya fizikia. Kulungu wengi wameanguka kwa pungufu ya hapo, na wengine wametoroka na zaidi ya mara mbili yake wakiwa wamepigwa tumboni. Lakini inakupa mahali pa kuanzia.

Nishati yenyewe unaweza kuikokotoa kutokana na namba za kwenye boksi. Zidisha uzito wa kichwa kwa greni na mraba wa kasi kwa futi kwa sekunde, kisha gawanya kwa 450,240. Risasi ya .308 yenye kichwa cha greni 150 na kasi ya 2,820 inatoka na takribani futi-pauni 2,650.

Hizi ni takribani za risasi za kawaida za kiwandani, kwa futi-pauni: mdomoni, yadi 100, yadi 200 na yadi 300.

.243 Winchester, greni 100: 1,945, 1,615, 1,330, 1,090
.30-30 Winchester, greni 150: 1,900, 1,295, 860, 565
7mm-08 Remington, greni 140: 2,540, 2,140, 1,795, 1,490
.308 Winchester, greni 150: 2,650, 2,135, 1,705, 1,345
.270 Winchester, greni 130: 2,700; 2,225; 1,820; 1,470
.30-06 Springfield, greni 150: 2,820, 2,280, 1,825, 1,445

Tazama mistari miwili ya kwanza. Zinatoka mtutuni karibu sawa, lakini yadi 200 .243 imeiacha .30-30 mbali. Sababu ni umbo. Kichwa cha .30-30 ni butu, kwa sababu bunduki zake nyingi hupanga risasi kwenye mrija chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyotangulia. Ncha kali hapo inaweza kulipua fataki hiyo kwa mtikisiko. Kichwa butu nacho kinapambana na hewa na kupoteza kasi haraka. Kwa hiyo .30-30 ni nzuri sana msituni hadi yadi 150, na baada ya hapo iache. Usijaribu kuitengeneza kwa kuweka risasi yenye ncha kali, isipokuwa zile zilizotengenezwa mahsusi kwa magazini ya mrija, zenye ncha laini inayobonyea.

Hatua ya 5: Pima teke dhidi ya bega lako

Kwa bunduki ya kama kilo 3.5, nishati ya teke ni takribani futi-pauni 9 kwa .243, 11 kwa .30-30, 12 kwa 6.5 Creedmoor, 13 kwa 7mm-08, 16 kwa .308, 17 kwa .270 na 20 kwa .30-06. Risasi ya .300 Winchester Magnum inapita 25. Watu wengi huanza kushtuka kabla ya mlio wanapofika 15 hadi 20, hasa wakipiga risasi nyingi kwa siku moja.

Uzito wa bunduki unabadilisha hesabu hii kabisa. Bunduki ya mlimani ya kilo 2.5 katika .308 inaweza kukupiga kuliko .30-06 ya kilo 3.5. Muuzaji atakusifia wepesi wake, na kweli begani ni nyepesi, mpaka uifyatue.

Kushtuka kunapimwa hivi. Mwombe mwenzako akujazie magazini, achanganye risasi za kweli na risasi bandia za mazoezi bila wewe kujua mpangilio. Ukivuta triga juu ya ile bandia, mtutu ukazama chini au ukaruka, umeshtuka. Ukiona hivyo mara kwa mara, shuka kaliba moja. Anayetoka .30-06 kwenda 7mm-08 hapotezi chochote kwa kulungu. Vaa kinga ya masikio kila mara, hata kwa risasi moja, kwa sababu mlio wa raifoli unapita desibeli 140 na masikio hayaponi. Sehemu kubwa ya kushtuka huko, kusema kweli, inatokana na mlio kuliko bega.

Hatua ya 6: Chagua

Kwa anayeanza, mwenye mwili mdogo, au kijana, chukua .243. Ilitoka mwaka 1955 na bado ni ya kuaminika, mradi upige mapafu na utumie kichwa cha greni 90 hadi 100. Hapa ndipo inapopata jina baya bila kosa lake: madukani kuna .243 za greni 55 hadi 75 zilizotengenezwa kwa wanyama wadogo kama mbweha, na hizo hupasuka juu ya bega la kulungu bila kufika mapafuni.

Ukitaka bunduki moja kwa kila kitu, 7mm-08, 6.5 Creedmoor na .308 zinakaribiana kiasi kwamba kulungu hawezi kutofautisha. Iliyo rahisi kupatikana ni .308, hata duka dogo la mjini mwa mashamba linayo, na hilo ni jambo la maana siku umesahau boksi nyumbani na msimu umebaki siku mbili. Ukipata 7mm-08 kwa bei nzuri, tungekushauri uichukue, ila nunua risasi mapema.

Za .270 na .30-06 ni kwa mwenye uwanda wazi au anayewaza elki mwakani. Magnum, yaani risasi zenye baruti nyingi kama .300 Winchester Magnum, kwa kulungu hazina kazi. Zinaharibu nyama nyingi mnyama akiwa karibu, na faida yao ipo katika umbali ambao wengi wetu hatuna haki ya kupiga.

Na .223? Baadhi ya majimbo yanairuhusu. Kwa mpiga shabaha hodari mwenye kichwa kigumu cha greni 60 na zaidi, katika umbali mfupi, inawezekana. Kwa anayeanza, hapana. Haikuachii nafasi ya kukosea hata sentimita chache.

Hatua ya 7: Chagua kichwa, kwa sababu ndicho kinachoua

Risasi mbili za .308 zenye nishati ileile zinaweza kufanya kazi mbili tofauti kabisa. Kichwa kilichofunikwa chote kwa shaba, cha aina ya kijeshi, kinapita kama msumari na kuacha tundu dogo; majimbo mengi yanakikataza, na hata pasipokatazwa usikitumie. Unachotaka ni kichwa kinachopanuka, kikifika ndani kinakuwa kama uyoga, kinapasua mapafu na ikiwezekana kinatoka upande wa pili. Tundu la kutokea linaacha damu chini, na damu hiyo ndiyo utakayoifuata.

Kichwa chenye ncha laini ya madini ya risasi ni cha bei nafuu na kinatosha kwa kulungu katika kasi za kawaida. Kilichogandishwa, ambamo kiini na gamba la nje la kichwa chenyewe vimeunganishwa, kinashikamana hata kikipiga mfupa. Kizuri kwa dume mkubwa au kwa umbali mfupi sana. Kichwa cha shaba tupu hakiachi chembe za madini ya risasi ndani ya nyama, jambo la kuzingatia kama watoto watakula. Ila shaba inahitaji kasi ili ifunguke. Vingi havifunguki vizuri vikishuka chini ya futi 1,800 hadi 2,000 kwa sekunde, kwa hiyo soma kiwango cha chini alichoandika mtengenezaji, kisha angalia jedwali la kasi: umbali ambao kasi inashuka chini ya hapo ni kikomo kingine, hata kama nishati bado ipo. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa chake ni kirefu zaidi kwa uzito uleule. Chagua chepesi kidogo, mfano greni 130 badala ya 150 kwenye .308, la sivyo mtutu wenye mzunguko wa polepole, yaani ambao mifereji yake ya ndani inazungusha kichwa taratibu, hautakituliza hewani na shabaha itatawanyika.

Hatua ya 8: Soma mtutu, kisha soma ganda

Jina la risasi limechorwa kwenye mtutu na pia kwenye kitako cha kila ganda. Yafanane neno kwa neno. "Inaingia" si kipimo. Risasi ya .300 Blackout inaweza kuingia kwenye chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi) ya .223, na ukivuta triga bunduki inapasuka usoni. Ya .308 kwenye chemba ya .30-06 inaweza kupasua ganda na kurusha gesi ya moto nyuma. Mwenye bunduki mbili asiweke risasi zake kwenye mfuko mmoja wa koti.

Hatua ya 9: Jaribu, kisha nunua za kutosha

Bunduki mbili za modeli moja hazipendi risasi moja. Nunua boksi la risasi 20 la aina mbili au tatu za uzito uliouchagua. Anza yadi 25 ili uhakikishe unagonga karatasi, kisha nenda yadi 100. Piga tatu tatu na uache mtutu upoe katikati; mtutu wa moto hutawanya risasi na utalaumu kitu kisicho na kosa. Kundi la inchi 1.5 hadi 2 kwenye yadi 100 linatosha kabisa kwa kulungu, usipoteze pesa kutafuta nusu inchi.

Darubini nyingi za Marekani husogeza robo inchi kwa kila mlio wa kitufe katika yadi 100. Ukiwa yadi 25 unahitaji mara nne ya hapo: milio 16 kwa inchi moja. Wengi hugeuza minne, wanaona hakuna kilichobadilika, wanadhani darubini ni mbovu. Kwa .308, .270 na zinazofanana nazo, seti risasi igonge inchi 2 juu ya kitovu katika yadi 100. Itagonga karibu kitovuni katika yadi 200, na hadi hapo unalenga katikati ya kifua bila hesabu. Kwa .30-30 isiyozidi yadi 150, seti inchi 2 juu vilevile, kisha ipige sahani ya yadi 150 uone imeshuka wapi.

Aina iliyoshinda, nunua boksi tatu hadi tano zenye namba moja ya toleo, ile iliyopigwa chapa kwenye kifuniko. Toleo likibadilika, piga tena risasi tatu kwenye karatasi kabla ya kwenda porini. Fanya hivyohivyo bunduki ikisafirishwa kwa ndege au ikianguka, hata kama darubini haionyeshi mkwaruzo.